Miisho ya Hadithi Aliyopewa Filemoni

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za duka la vitabu la misheni, hapa Shinyanga, na aliyezipokea akaniomba niwaandikie ninyi mnaobaki maneno machache ya hekima. Hekima ya kugawa sina. Nina mambo ya kazi niliyoyaona, na nina mtu mmoja ninayemwonea wivu mpaka leo. Nitayaeleza yote mawili kwa pamoja, maana nimejaribu kuyatenganisha nikashindwa. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize kwingine.

Nilianza kazi baada ya vita vya Wajerumani, reli ikiwa bado haijafika kwetu. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke na watoto mapacha, Kulwa na Doto. Mke wangu kila mtu alimwita Mama Kulwa, nami nitamwita hivyo humu. Kusoma hakujua. Kusikiliza alijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Andrea, aliyekuwa katekista zamani, mwenye jicho moja bovu na ulimi usiolala. Siku ya kwanza alinikabidhi sanduku la bati, kitambaa kikuukuu na chupa ya mafuta ya taa. Nikamuuliza taa yenyewe iko wapi.

"Taa ya nini? Hayo ni ya mchwa," akasema. "Mchwa wa huku wanasoma kuliko Wakristo. Pangusa sanduku kila jioni, la sivyo utatembeza majalada matupu."

Alisema kweli. Mwaka ule ule nilizembea mara moja tu pale Samuye, nikaweka sanduku chini kwenye udongo usiku kucha, na asubuhi vitabu vya nyimbo vilikuwa unga. Andrea hakunigombeza. Alinipa ule unga nikaubebe hadi Shinyanga kichwani, kama mzigo wa kawaida.

Sasa sikilizeni. Biblia na vitabu vya nyimbo vinajiuza vyenyewe. Padri au mchungaji akisema nunueni, watu wananunua. Kazi yenyewe ni hadithi. Nasema vile vitabu vidogo vya karatasi nyembamba, vya wajane na wana wapotevu na walevi wanaotubu. Hakuna anayelazimishwa kuvinunua. Mtu anakichukua, anakigeuza, anakinusa, anakuuliza: kina nini humu? Hapo ndipo utajulikana kama wewe ni muuza vitabu au ni mbeba sanduku.

Andrea alinifundisha kutomuuzia mtu kitabu ninachokipenda mimi. Mwache aseme. Bwana Salum, Mwislamu, mwenye duka la chumvi na nguo karibu na pale kilipokuja kujengwa kituo cha reli, alikuwa mteja wangu mkubwa. Alikuwa akisema waziwazi, "Mimi nanunua hadithi, sinunui dini." Alitaka hadithi za safari, na mtu apotee njia. Siku moja alinirudishia kitabu akiwa amenuna. "Huyu wako amepotea ukurasa mmoja tu. Huyo si msafiri, huyo kajisahau tu." Mama mmoja wa Samuye alitaka hadithi zenye mama mkwe mkorofi. Nikamwambia ninayo moja, na huyo mama mkwe anatubu. Akauliza anatubu wapi, mwanzoni au mwishoni? Nikasema mwishoni. "Ee, hapo sawa. Ahangaike kwanza."

Lakini kuchagua vitabu vya kuagiza kwa ajili ya duka ni jambo lingine, na hapo watu walinisifu sana. Walisema Zakaria Mabula ana pua, ananusa kitabu kitakachouzika. Pua gani! Nilikuwa na Mama Kulwa. Kitabu kipya kikija, namsomea jioni uani, yeye akipepeta mtama. Ungo ukiendelea kucheza, kitabu hakifai. Ungo ukisimama, mikono ikakaa kimya na pumba zikabaki pale pale juu, basi nimekwisha jua. Nafunga kitabu, naandika oda. Miaka yote hiyo ungo haukunidanganya hata mara moja.

Kulikuwa na jambo dogo lililonishangaza nyakati hizo, nikalipuuza. Wanawake walikuwa wakinirudishia vitabu. Mmoja akanijia dukani, akanisalimu vizuri, "Mwangaluka, Baba Kulwa," kisha akaweka kitabu juu ya meza.

"Hiki kina kasoro. Mwisho wake si huu."

"Mama, mwisho ndio huo. Umepigwa chapa."

"Si huu. Sisi kisimani tumesimuliwa mwingine, na ulikuwa mzuri kuliko huu."

Nikamcheka, nikambadilishia kitabu. Maneno ya kisimani, nani ayafuatilie?

Mambo yakabadilika dhahabu ilipoanza kuchimbwa kwa nguvu kule Geita. Vijana waliondoka vijijini kwa makundi, na misheni ikaona ni heri vitabu viwafuate. Watoto wetu walikuwa wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo Mama Kulwa akasema naye anakwenda. Tulipanda lori la Mhindi juu ya magunia, tukafika tukiwa wekundu kwa vumbi hadi kope, tukapewa kibanda pembeni ya kambi.

Kambini nilikuwa mfalme, nasema kweli. Jumapili baada ya ibada nilitandika mkeka kwenye uwanja wa soko, nikasoma Kiswahili na kufafanua kwa Kisukuma penye ugumu. Wachimbaji walijaa. Nikifika patamu nafunga kitabu: anayetaka kujua mwisho anunue, asiyejua kusoma amtafute mwenzake anayejua. Ndivyo biashara inavyokwenda. Halafu tunazungumza, kila mtu anaeleza anapenda nini. Mmoja, Mzinza mwenye mabega kama mlango, alikuwa hataki kabisa kitabu ambamo mtu anakufa. "Mimi nashinda chini ya ardhi wiki nzima," alisema. "Nikitoka nataka watu walio hai." Mwenzake akamjibu kwamba yeye anataka wafe, tena wengi, ili ajione ana bahati. Walibishana mpaka wakaanguka kwa kicheko. Nilikuwa na furaha siku zile.

Ndipo akaja Filemoni.

Filemoni Luhende alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo, ametumwa na misheni nyingine, na sanduku lake lilikuwa na vitabu vile vile kama vyangu. Kijana kuliko mimi kwa miaka kumi na zaidi. Koti lake lilikuwa na vifungo vyote. Alikuwa na baiskeli yenye kengele, naye aliipiga hata njia ikiwa haina mtu. Meno meupe. Na sauti, jamani! Mimi nina sauti ya kusomea watu. Yeye alikuwa na sauti ya kuwafanya watu wasahau kwamba wanasomewa. Nilimchukia kabla hajaniamkia, na aliponiamkia kwa adabu, "Shikamoo kaka," nikamchukia zaidi.

Akatandika mkeka wake upande wa pili wa uwanja. Jumapili ya kwanza walikwenda watu wachache, kwa udadisi. Jumapili ya pili nikamkosa yule Mzinza. Ya tatu nikasikia kicheko kule, kicheko kikubwa, na wangu waliobaki wakageuza shingo wote. Nilisoma kwa sauti zaidi. Sauti ikapasuka nikakohoa.

Nikaanza kusema ana dawa. Ninyi mnajua ngoma zetu Wasukuma: baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, vikitazamana, na watu wanahama kwenda kule kunakonoga. Hakuna hakimu. Anayebaki na uwanja mtupu ameshindwa. Na kila anayeshindwa husema mwenzake ana dawa ya kuvuta watu. Basi na mimi, muuza vitabu vya Kikristo, nikajikuta napita karibu na sanduku la mwenzangu nikinusa kama kuna mizizi. Nikasikia mafuta ya taa tu. Kumbe naye alifundishwa vizuri.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa nyumbani. Mama Kulwa akaanza kuaga siku za katikati ya wiki. "Naenda kununua chumvi." Chumvi ilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Anaondoka jua likiwa juu, anarudi limeelekea kuzama, ana chumvi ya kujaza kiganja. Nikauliza watu. Wakaniambia yuko kwa Filemoni, amekaa mkekani pamoja na wanawake wengine, wanazungumza hadithi.

Msinielewe vibaya. Mke wangu sikumshuku kwa hilo mnalolifikiria, na heri ningemshuku, maana wivu wa namna ile una dawa, unakwenda kwa wazee, wanakaa, wanaamua. Mimi nilikuwa naona wivu kwa masikio yake. Yale masikio yalikuwa yangu. Miaka yote nilimsomea mimi, akanyamaza kwa ajili yangu mimi, na sasa anakwenda kumnyamazia mtu mwenye kengele ya baiskeli. Usiku sikupata usingizi, na mchana sikupata mtu wa kumwambia.

"Chumvi ya huku inakula muda," nikamwambia siku moja.

"Ee," akasema, akaendelea kusonga ugali.

Mwishowe watu wa pande mbili wakaanza kutukanana, wangu na wake, hata ngumi zikataka kurushwa. Nyampara wa kambi, mtu mkali asiyependa maneno, akatuita. Akasema uwanja hautoshi masanduku mawili. Jumapili tutasoma wote kwa wakati mmoja, kitabu kimoja, kama ngoma. Atakayebaki na watu atabaki na kambi. Mwingine afunge sanduku, akauze kwingine. Filemoni akaniangalia, akaniambia nichague kitabu mimi, kwa kuwa ni mkubwa. Heshima ile nayo ilinichoma.

Nikachagua hadithi ya mjane Salome. Nilikuwa naijua kwa moyo. Mwanawe Tito amekwenda kufanya kazi nchi ya mbali, haleti habari. Jirani wanasema amekufa, wanataka mama akae matanga na ng'ombe wagawanywe. Mama anakataa. Kila msimu wa mvua analima shamba la mwanawe kwanza, ndipo analima lake. Ungo wa Mama Kulwa ulisimama kwenye ukurasa wa pili.

Jumapili ilipofika, nilitandika, naye akatandika. Mama Kulwa akaja akaketi mkekani kwangu, mbele kabisa. Nikavimba kwa furaha. Nikajisemea, Filemoni na amwone leo amekaa kwa nani.

Nilisoma vizuri siku ile. Kweli nilisoma. Nusu ya kwanza tulikuwa sawasawa, watu wanakwenda na kurudi, wachimbaji wengine wamesimama katikati hawajui waende wapi. Nikafika pale jirani wanapokuja na kamba kuwachukua ng'ombe. Hapo ndipo ninapofunga kitabu siku zote, lakini siku hiyo sikufunga, nikaendelea mpaka mwisho. Mwisho wa kitabu ni huu: Tito anarudi siku ya Noeli, amevaa vizuri, ana zawadi, jirani wanaona aibu, kijiji kizima kinabatizwa.

Upande wa pili Filemoni alikuwa ameshusha kitabu magotini. Haangalii ukurasa. Na Tito wake hakurudi siku ya Noeli. Alirudi siku ya kawaida, hana kitu, nguo zimechanika, akaona aibu kupita mbele ya nyumba akaingia kwa nyuma, jikoni. Mama alikuwa anafuta jembe. Hakulia. Hakumuuliza alikuwa wapi. Alimtazama, akamwambia: "Umechelewa. Mvua imeshanyesha. Chukua jembe."

Uwanja wote ulikuwa umejaa vijana walioacha mama zao. Niliona wakiondoka kwangu, si kwa kukimbia, polepole, kama watu wanaoitwa nyumbani. Yule Mzinza mwenye mabega alikuwa amejifunika uso kwa shati lake. Kwenye mkeka wangu akabaki mtu mmoja, Mama Kulwa. Nikamshukuru Mungu kwa huyo mmoja. Kisha nikamtazama vizuri usoni, nikaona midomo yake inakwenda. Alikuwa anasema pamoja na Filemoni, neno kwa neno, bila sauti.

Nilingoja mpaka tulipofika kibandani.

"Yale maneno umeyajuaje?" nikamuuliza.

"Ni yangu."

"Yako vipi? Unajua kusoma wewe?"

"Sijui kusoma. Ndiyo maana nikayatunga." Akaketi. "Baba Kulwa, umenisomea vitabu miaka mingapi? Mwisho wa hata kimoja sijausikia. Mimi nikinyamaza tu, wewe unafunga, unaandika oda yako. Ningefanya nini? Nilikuwa nalala na hadithi, naimalizia mwenyewe. Asubuhi nawasimulia wenzangu kisimani."

"Na Filemoni?"

"Filemoni aliwahi kufunga kitabu katikati kama wewe. Lakini yeye aliniuliza, Mama, unadhani nini kitatokea? Nikamwambia. Akasema hebu na cha pili. Nikamwambia. Nimempa miisho yote."

"Yote?"

"Yote niliyokuwa nayo."

Ningeweza kumuuliza pale pale. Ningesema, basi nipe na mimi. Nilisema nini? Nilisema, "Sitaki kusikia hata mmoja. Ulichompa mwenye kengele mwachie mwenye kengele." Akainuka akaenda kuchota maji.

Tukarudi Shinyanga. Filemoni akabaki na kambi. Tangu hapo nilimsomea Mama Kulwa kila kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, hata kibovu, hata nikiwa na homa, nasoma kwa hasira kama mtu anayelipa faini. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Sawa." Basi. Ungo haukusimama tena, nikawa naagiza vitabu kwa kubahatisha. Huku nyuma jina la Filemoni likaenea kote, hadi Bukombe. Wateja walikuja dukani kwangu, mbele ya mke wangu, wakaniuliza kama nina vitabu "vyenye miisho ya Filemoni". Mimi nawaka moto. Yeye anatabasamu, anawafungia vitabu vyao kwenye karatasi. Hakuwahi kusema miisho ile ni yake. Nilisubiri aseme, na nadhani naye alinisubiri niulize.

Mwaka jana, kabla ya mvua, Mama Kulwa aliugua tumbo. Hakuchukua muda mrefu. Tulimzika Samuye, kwao.

Ninyi vijana mtanicheka. Baada ya kukabidhi funguo sikuwa na kazi tena na nyumba ilikuwa kimya, nikafunga mzigo mdogo nikaenda Runzewe, ambako Filemoni amejenga. Safari ile ilikuwa chungu kuliko zote nilizobeba sanduku. Njia nzima nilikuwa nageuka moyoni narudi. Nikamkuta uani kwake, mkeka umetandikwa, majirani wanaanza kukusanyika. Amenenepa. Akasimama mbio.

"Shikamoo kaka Zakaria. Pole, kaka. Nilisikia habari za mama."

"Marahaba," nikasema. "Unasoma leo?"

"Nasoma."

"Basi soma."

Nikaketi mkekani, mbele, mahali wanapoketi watoto na wanawake. Akaelewa. Akachukua kitabu cha ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, kitabu nilichokiuza mimi mwenyewe mara nyingi. Kwenye chapa wanapatanishwa na mchungaji, wanaimba. Filemoni alisoma mpaka patamu, akafunga, akaendelea kwa kichwa. Yule kaka mkubwa akatoka mchana kweupe, watu wote wanamwona, akang'oa jiwe la mpaka, akalisogeza upande wa kwake, akalipunguza shamba lake mwenyewe. Akamwita ndugu yake: "Acha kusimama juani, njoo ule kabla ugali haujapoa."

Hayo si maneno ya Filemoni. Maisha yangu yote ya ndoa nimeitwa kwa maneno hayo hayo, nikiwa nimeinama juu ya oda zangu, na mara nyingi ugali ulipoa. Sasa Mama Kulwa yuko kwenye kinywa cha mtu huyu, na mimi mumewe lazima nije Runzewe kumsikia. Niliona wivu pale mkekani mbele za watu, nami sikujificha.

Majirani waliinuka, wakaaga, wakaondoka. Filemoni akaanza kukunja mkeka, nikamshika mkono.

"Soma kingine," nikamwambia.